Imani au Amana? Lugha Baina ya Serikali na Raia

Viongozi nchini Kenya wamezoea kuwasihi wananchi wawe na imani na serikali. Ombi hilo husikika makanisani, matangani na kwenye sherehe za kitaifa, na aghalabu hutolewa pale ambapo pana jambo ambalo halijaelezwa. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kusita mbele ya neno hilo. Imani ni msimamo wa moyo. Muumini hamdai Mola wake stakabadhi. Lakini kutokana na shina lilo hilo la Kiarabu, Kiswahili kina neno jingine: amana, yaani mali iliyowekwa kwa mtu mwaminifu, ambayo mwenyewe aweza kuidai wakati wowote. Aliyewekewa amana hasemi "niamini". Hufungua kasha akaonyesha.

Kwa mujibu wa ibara ya 1 ya Katiba ya mwaka 2010, mamlaka yote kuu ni ya watu wa Kenya. Serikali, basi, imewekewa tu. Taifa hili lilikwisha kuonja matokeo ya kasha lisilofunguka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na Tume ya Kriegler ikabaini kwamba hesabu ya kura ilikuwa imevurugika kiasi cha kutowezekana kumjua mshindi. Mwaka 2022, kinyume chake, Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti, akajumlisha aliyetaka kujumlisha. Mzozo haukukosekana, makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo. Hata hivyo, kesi ilipofika Mahakama ya Juu, fomu zilikuwa mikononi mwa kila mtu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari likiwapo lakini limeandikwa kwa lugha asiyoimudu mwenye mali?

Hilo ndilo swali la Mswada wa Fedha wa 2024. Ulikuwa na pendekezo la kutoza mkate ushuru wa asilimia 16, na magari kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani yake. Mambo ya mezani na barabarani, yaliyovikwa Kiingereza cha mawakili. Vijana waliufafanua mitandaoni kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao, nao wazazi wakaelewa. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa Juni 18, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni na baadhi yao wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Watetezi wa mswada walilalamika kwamba umma haukuuelewa. Lalamiko la ajabu! Nani aliyekuwa na wajibu wa kuueleza?

Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na ibara ya 118 inalitaka Bunge liushirikishe umma katika kazi zake. Ushirikishwaji wa mtu asiyesoma kinachojadiliwa ni wa jina tu. Aidha, ibara ya 259 yasema matini za Katiba zikihitilafiana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa; hata mkataba wa amana wenyewe una lugha ya wenyeji na lugha ya neno la mwisho.

Wapo wasomi wanaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hiyo imechakaa. Bunge la Taifa lenyewe lina Kanuni za Kudumu kwa Kiswahili, na kule Dodoma hotuba ya bajeti husomwa kwa Kiswahili kila mwaka. Ni kweli kwamba lugha peke yake haizai uaminifu: Tanzania hiyo hiyo ilishuhudia ghasia na vifo katika uchaguzi wa Oktoba 2025. Daftari linalosomeka laweza kuwa na hesabu za uongo. Tofauti ni kwamba uongo wake huonekana na wengi.

Mswada wa Fedha hufika Bungeni kila mwaka, na idara za Kiswahili vyuoni zimejaa waliofunzwa tafsiri. Toleo la Kiswahili lastahili kutoka siku moja na lile la Kiingereza, likiwa na muhuri wa Bunge, wala si kwa hisani ya vijana wenye simu.