Ufunguo wa kompyuta ubaki kwa mwenye kompyuta

Kabla Windows au Linux haijaonekana kwenye kioo, kuna programu iliyopachikwa kwenye ubao mama ambayo huamka kwanza na kuamua kipi kiwake baada yake. Kompyuta nyingi za leo hufuata kiwango cha UEFI, ambacho tangu 2011 kina kinga iitwayo Secure Boot: mfumo endeshi usio na saini ya kidijitali inayotambuliwa hauwashwi. Shabaha ni virusi vinavyojificha pale ambapo programu za kuzuia virusi hazifiki, na kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni juu ya anayeamua saini ipi itambuliwe. Katika kompyuta nyingi za dukani anayeamua ni Microsoft, muuzaji wa mmojawapo wa mifumo inayogombea nafasi hiyohiyo.

Tazama jinsi masharti yalivyosogea. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mtengenezaji aliyetaka nembo yake alitakiwa kuuza kompyuta ikiwa na Secure Boot tayari imewashwa. Kwa kompyuta zenye prosesa za x86, sharti lilimlinda pia mnunuzi: aweze kuizima au kuweka funguo zake mwenyewe za kuhakiki saini. Kwa vifaa vyenye prosesa za ARM, kuizima kulikatazwa. Ilipokuja Windows 10 mwaka 2015, kumwachia mnunuzi nafasi ya kuizima kukawa hiari ya mtengenezaji. Mwaka 2022 baadhi ya laptopu za Lenovo ziliingia sokoni zikiamini ufunguo wa Windows peke yake, mpaka mwenyewe aingie kwenye mipangilio na kuuruhusu ule unaotumika kwa Linux. Hakuna hata moja kati ya hayo lililopita bungeni. Yote yaliandikwa kwenye nyaraka za uthibitisho ambazo mnunuzi hazioni.

Wapo watakaosema Linux mbona inawaka. Ni kweli: Fedora na Ubuntu hutanguliza kiprogramu kiitwacho shim, chenye saini ya Microsoft. Yaani mshindani anaingia sokoni kwa kibali cha mwenzake. Agosti 2024 sasisho la Windows lilizifanya kompyuta kadhaa zenye mifumo miwili zigome kuwasha Linux, ilhali Microsoft ilikuwa imesema kompyuta za aina hiyo hazitaguswa. Hoja nzito zaidi ni kwamba ukimwachia mtumiaji mlango, mwizi naye atapita. Lakini programu hasidi ya BlackLotus, iliyochambuliwa na kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET mwaka 2023, iliipita Secure Boot kwa kubeba faili la zamani la Microsoft lenye kasoro, ambalo saini yake ilikuwa bado inakubalika. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba mamia ya aina za vifaa viliuzwa vikiwa na ufunguo wa majaribio ambao wenyewe umeandikwa usiaminiwe! Mwenye mashine anayesajili ufunguo wake hukaa mbele ya kibodi na kuingia kwenye menyu kabla mfumo haujawaka, tena anaweza kuifunga kwa nenosiri. Mdukuzi aliye mbali hawezi kujifanyia hayo.

Kwetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu laptopu nyingi za Kariakoo na Nairobi zimetoka kwenye ofisi za ng'ambo. Windows 10 iliachwa Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi ambazo bado ni nzima. Kimbilio la mashine hizo ni Linux. Hata hivyo cheti cha Microsoft cha 2011 kilichotumika kusaini shim kina mwisho wa Juni 2026, na shim mpya zinategemea cheti cha 2023, ambacho mashine iliyokwisha kutelekezwa na mtengenezaji wake huenda isikitambue kamwe. Hapo atakayesalimika ni mwenye uwezo wa kuizima kinga hiyo au kusajili ufunguo mwenyewe. Serikali na vyuo vinavyonunua kompyuta kwa mamia viandike uwezo huo kuwa sharti kwenye zabuni, pamoja na kukabidhiwa nenosiri la menyu. Kulikagua ni kazi ya dakika chache: fundi awashe mashine moja, aingie kwenye menyu na ajaribu, kabla mzigo haujasainiwa.