Muhuri wa wakili hauthibitishi mwenye shamba

MKULIMA anayenunua shamba kijijini nchini Tanzania hujiuliza: mkataba ugongwe muhuri wa mtendaji wa kijiji au wa wakili? Wapo wanaokimbilia wa wakili, wakiamini kuwa ndio wenye nguvu zaidi.

Hata hivyo, mihuri hiyo haifanyi kazi moja. Wakili ambaye ni kamishna wa viapo huthibitisha kuwa wahusika walisaini mbele yake. Hathibitishi kuwa muuzaji ndiye mwenye shamba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeiweka ardhi hiyo chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji. Bila idhini yake, mauzo yanaweza kubatilika na fedha kupotea. Mtendaji akigonga muhuri peke yake bila kikao, hiyo si idhini.

Aidha, hati ya hakimiliki ya kimila, inayoweza kuwekwa dhamana ya mkopo, haikamiliki bila muhuri wa Ofisa Ardhi wa Wilaya, ambaye pia huisajili.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi adai kwanza muhtasari wa kikao cha Halmashauri. Wakili afuate baadaye.