Pigeni Hodi, Enyi Watafiti

Mgeni akiingilia dirishani, hata akiwa amebeba zawadi, mwenye nyumba atapiga yowe la mwizi. Marehemu Andries Steenkamp, aliyekuwa kiongozi wa Wasan wa Afrika Kusini, aliwaomba watafiti hilohilo: wapitie mlangoni.

Alikuwa na sababu. Tangu enzi za mababu, Wasan hutafuna hudia, mmea wa jangwani wenye miiba, ili kuzima njaa na kiu wawapo mawindoni. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini ilijiandikishia hataza ya dawa iliyomo katika mmea huo, kisha ikaikabidhi kampuni moja ya Uingereza iiendeleze. Wenye ujuzi huo hawakuulizwa. Mwaka 2001 mkuu wa kampuni alipobanwa na waandishi, alisema alidhani Wasan wamekwisha kutoweka. Kumbe wapo, tena kwa makumi ya maelfu! Mkataba ulikuja 2003, ukawapa asilimia 6 ya mrabaha ambao taasisi ingepokea. Mrabaha wenyewe haukuwa wa kujivunia, kwani kampuni kubwa zilizotaka kuitengeneza dawa hiyo zilijitoa moja baada ya nyingine.

Wapo watakaosema idhini ya mtu binafsi anayechunguzwa yatosha. Haitoshi. Mwaka 2010 zilichapishwa taarifa za jenomu, yaani ramani ya vinasaba, za wazee wanne wa Kisan wa Namibia. Wazee waliridhia, viongozi wa jamii wakalalamika kwamba wao hawakushirikishwa. Je, damu ya babu si damu ya wajukuu pia? Siri iliyomo humo ni ya ukoo mzima, ila fomu ya mtafiti ina nafasi ya sahihi moja tu.

Ndipo mwaka 2017 Wasan walipotoa kanuni zao wenyewe za utafiti: heshima, ukweli, haki, kujali, na kufuata utaratibu. Humo wanadai pia waelezwe kwa lugha iliyo wazi, si ya kichuoni. Dai hilo nalipenda kuliko yote, maana wengi wetu tumewahi kusainishwa tusichokielewa.

Nawe kijana wa chuo unayefunga mkoba kwenda Ziwa Eyasi kuwahoji Wahadzabe, kaa kwanza na wazee, ueleze unachokitaka na nani atafaidika. Wakikataa, ondoka kwa amani. Wakikubali, wapelekee matokeo kabla hujayachapisha, nao wakisema umekosea, sahihisha.