Tunamlaani Mtalii, Pwani Tumeitoa Wenyewe

  

Ndugu Waislamu, ni mara ngapi tumeketi katika safu siku ya Ijumaa tukamsikiliza khatibu akiufikia ule mlango anaoupenda, mlango wa mtalii? Sauti hupanda, kidole huelekezwa upande wa bahari, na mavazi ya wageni huelezwa kwa ufafanuzi ambao wakati mwingine huwafanya wazee wa safu ya kwanza wainamishe vichwa. Mimi mwenyewe nimepata kuitoa khutba ya namna hiyo, na niliposhuka mimbarini nilipewa mikono mingi ya pongezi. Leo naandika kuipinga khutba yangu. Si kwamba uchi umekuwa halali. Uchi ni uchi, na haya ni katika imani. Naipinga kwa sababu iliiacha dhulma iliyo kubwa ikapita mbele ya mlango wa msikiti bila ya kuguswa.

Kilichonizindua ni ziara. Katika msimu wa kaskazi alinijia rafiki niliyesoma naye Khartoum, mtu wa Muscat, akaniomba nimtembeze katika hoteli za ufukweni hapa Unguja ili achague pahala pa kupumzika yeye na ahli yake. Tukazunguka siku tatu. Tulianza Nungwi na Kendwa huko kaskazini, tukateremka Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa, tukamalizia Paje na Jambiani. Kusema kweli, Allah ameiumba pwani ile kwa uzuri. Tuliletewa madafu, tukaoneshwa vyumba ambavyo kila kimoja kina bwawa lake la kuogelea, na bustani za majani mabichi juu ya ardhi ya mawe ambayo bibi zetu hawakuweza kuotesha kitu juu yake ila kwa taabu. Kutembea katika ardhi si haramu. Qur'ani imetuhimiza tutembee, lakini imetuhimiza tutembee tukizingatia.

Katika hoteli moja mlinzi, kijana mwenye alama ya sijda katika paji la uso, alimfungulia mgeni wangu lango kwa heshima, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili: "Wewe unakwenda wapi?" Rafiki yangu alicheka akidhani ni mzaha. Mimi sikucheka.

Kila tulipoingia, rafiki yangu aliuliza mambo mawili: je, pombe inaweza kuondolewa chumbani, na kibla kiko upande gani? Ni maswali ya mcha Mungu, nami nilimsifu moyoni. Siku ya pili ndipo nilipoanza kuona aibu, kwani hakuna kati yetu, mimi wala yeye, aliyeuliza yale maji ya mabwawa yanatoka wapi.

Basi tuulize sasa. Kisiwa hiki hakina mto mkubwa. Mvua hupenya katika mawe ya chokaa, na maji matamu hukaa chini ya ardhi yakielea juu ya maji ya bahari. Anayevuta kupita kiasi huyapandisha ya chumvi, na kisima cha jirani yake huharibika. Mwaka 2012 shirika la Uingereza, Tourism Concern, lilichapisha uchunguzi wa maji wa Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Chumba kimoja cha nyumba ya kulala wageni kilikuwa kikitumia kwa wastani lita 686 kwa siku, na katika hoteli za nyota tano lita 3,195. Nyumba nzima ya mwanakijiji, baba, mama, watoto na bibi yao, ilikuwa ikitumia lita 93. Hesabu hizo ni za miaka iliyopita, na wageni tangu hapo wamezidi. Katika mwaka 2024 peke yake walioingia Zanzibar walipindukia 700,000.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji. Ni khutba ngapi mmezisikia juu ya mafundisho hayo, mkizilinganisha na khutba za mavazi?

Tuje katika ardhi. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na mwekezaji hupewa kwa kukodishwa, hata kwa muda unaofika miaka 99. Mwanakijiji aliyehamishwa hulipwa minazi yake, sio mchanga uliokuwa chini ya minazi. Na mafaqihi wetu wana kitu wanachokiita hariim: ni eneo linalozunguka kisima au njia ya watu, ambalo hapana mtu awezaye kujimilikisha kwa kuwa wote wanalihitaji. Hebu tujiulize, diko ni nini kama si hariim ya bahari? Hapo ndipo ngalawa zinapovutwa, samaki wanaponadiwa, na wanawake wanapopita kwenda kwenye mwani na pweza maji yanapokupwa. Jambiani tuliwaona wanawake wakitoka kwenye mwani na magunia vichwani, wakauzunguka ukuta mrefu kuifikia njia ambayo zamani ilikuwa ikipita pale pale ukuta uliposimama.

Nani aliukubali ukuta ule? Tusimsingizie Mzungu peke yake. Mwekezaji hakuja usiku na msumeno. Alikaribishwa, akaketishwa juu ya mkeka, akanyweshwa chai, na karatasi zikatiwa saini na watu wanaojua kusoma Fatiha. Wengine wao tunawapisha safu ya mbele.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Katika hoteli ya mwisho, nyuma ya meza ya baa, niliitwa: "Maalim!" Alikuwa mwanafunzi wangu, aliyehifadhi Juzuu Amma kwangu, amebeba sinia la chupa. Aliliweka chini haraka, kana kwamba nilikuwa sijaliona. Nilimwambia niliyopaswa kumwambia, kwamba anayebeba ulevi yumo katika waliolaaniwa pamoja na anayeunywa. Akajibu kwa adabu, akiangalia chini: "Najua, Maalim, umenisomesha wewe. Niliomba jikoni, wakasema nafasi iliyopo ni hii. Masika hoteli ikifungwa tunarudishwa nyumbani bila ya mshahara." Kisha akanyanyua uso. "Lakini lile tangi la maji la msikiti wetu limetolewa na hoteli hii hii. Wanakamati umewaambia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetawadha kwa maji ya tangi lile asubuhi ya siku hiyo.

Wapo watakaosema: unataka hoteli zifungwe, vijana wafe njaa? Sijasema hivyo, na anayenisingizia namwachia Allah. Utalii ni nguzo ya uchumi wa visiwa hivi na familia nyingi zinakula kwao. Ninachokikataa ni kijana kuambiwa atoke kwenye haramu na watu ambao hawajamtafutia halali, na ambao wenyewe wamepokea zawadi kutoka mlango ule ule. Wala nisiambiwe kwamba dawa ni huu utalii unaoitwa wa halali. Kuondoa chupa katika friji na nguruwe jikoni ni vizuri, lakini hakurudishi diko kwa wavuvi wala chumvi hakuitoi kisimani. Na sisi tunaofanya semina zetu za da'awa katika kumbi za hoteli hizo, tukapiga picha bahari ikiwa nyuma yetu, tujitazame.

Rafiki yangu alichagua hoteli ya pili tuliyoiona. Sikumzuia, na kwa kweli sikujaribu sana.

Niliporudi nilipeleka mambo matatu mbele ya kamati ya msikiti wetu. La kwanza, khutba moja kila mwezi iwe juu ya maji na njia za pwani, na sheha aalikwe aje aisikilize. La pili, kabla ya mzee yeyote wa mji kutia saini karatasi ya mwekezaji, isomwe msikitini baada ya Isha, kwa Kiswahili, mbele ya wanaume na wanawake. La tatu, tangi lirudishwe, na sisi tuchange tununue letu, hata kama litakuwa dogo. Mambo mawili ya kwanza yalipokewa kwa "insha Allah". La tatu lilizua kelele, na mwisho nikaambiwa tusubiri Ramadhani ipite.

Ramadhani imepita. Tangi bado liko juu ya paa, na jina la hoteli limeandikwa ubavuni mwake kwa rangi ya buluu.