Akili bandia bila intaneti: iwekwe sekretaria, isikae mahali pa munganga

Muhami anayefika Butembo ao Beni anakutana na karatasi mapema sana, mara nyingine mbele ya kukutana na chakula. Kuna karatasi ya kuonyesha kwamba kadi ya uchaguzi imepotea njiani, barua kwa shefu wa kartye, buletini ya mtoto iliyobaki Kanyabayonga, fishi ya kituo cha afya, tangazo la shirika lililobandikwa ukutani. Karibu zote ni za Kifaransa. Mama aliyelima maharagi Lubero maisha yake yote anazipeleka sekretaria, kile kibanda chenye ordinatere moja na imprimante moja. Kijana anayekaa pale anamsomea, anamwandikia, kisha anahesabu franka kwa kila ukurasa.

Kijana huyo sasa ana msaidizi mpya kwenye simu yake. Anaandika shida ya mama katika programu ya akili bandia, jibu linatoka kwa Kifaransa cha kupendeza, analichapisha. Kazi ya nusu saa inaisha kwa dakika tano, na hakuna sababu ya kumlaumu kwa hilo. Swali ni yale maneno yamepita wapi. Jina la mama, kijiji alichotoka, siku ya shambulio, jina la mume aliyeuawa, pengine hata majina ya watu aliowatambua kati ya washambuliaji: vyote vimetoka Butembo vikaenda kwenye mashini za kampuni iliyo nchi ya mbali. Mama hakuulizwa kama anakubali. Katika eneo ambalo mauaji ya raia yanaendelea tangu Oktoba 2014, jina la shahidi si kitu cha kutupa hewani.

Njia nyingine ipo, na inajulikana na watu wachache mno huku. Akili bandia inaweza kukaa ndani ya ordinatere ya kibanda chenyewe, ikafanya kazi bila intaneti hata kidogo.

Habari hiyo ina historia fupi. Mwezi wa Februari 2023 kampuni ya Meta ya Marekani ilitoa modeli ya lugha iitwayo Llama kwa ajili ya watafiti, na baada ya siku chache ikawa imeenea kwenye intaneti. Mwezi uliofuata, Georgi Gerganov, mtaalamu wa Bulgaria, aliandika programu ya bure iitwayo llama.cpp, inayowezesha modeli kama hiyo kufanya kazi kwenye ordinatere ya kawaida, bila ile kadi ya picha ya bei kali. Kisha wengine wakafuata. Mistral ya Ufaransa ilitoa modeli yake ya kwanza Septemba 2023, Google ikatoa Gemma, Alibaba ya China ikatoa Qwen. Hizi zinaitwa modeli wazi kwa sababu mtu anaruhusiwa kuzipakua na kuzitunza kwake. Wazi haina maana kwamba kila kitu kinajulikana: kampuni nyingi hazisemi modeli zao zilisomeshwa maandishi gani, na baadhi zinaweka masharti ya matumizi ambayo inafaa kuyasoma.

Modeli yenyewe ni nini? Ni faili kubwa iliyojaa namba. Ilipitishwa katika maandishi mengi kuliko yale ambayo mtu angesoma katika maisha elfu moja, na kutokana na hayo ikajifunza kukisia neno gani linafuata neno gani. Haina kabati la habari za kweli ndani yake, inakisia tu. Inakisia vizuri sana pale ilipoona mifano mingi, kama barua ya Kifaransa kwa mkuu wa komine, na inakisia ovyo pale isipoona kitu. Mwenye kuelewa hilo ameelewa sehemu kubwa.

Ukubwa unahesabiwa kwa miliari za namba. Modeli ya miliari 7 katika hali yake ya kwanza inakula karibu giga 14. Lakini namba zinaweza kufupishwa, zikapoteza usahihi kidogo, na faili ikashuka mpaka giga 4 hivi. Gemma ya miliari 4, ikifupishwa hivyo, inakaa kwenye giga 3 hivi. Ordinatere ya okazyo yenye memori ya giga 8, ile wauzaji wanaita RAM, inaiweza hiyo ndogo bila kuhangaika sana. Kwa ile ya miliari 7 giga 8 zinatosha kwa shida, na giga 16 ni afadhali. Mashini yenye giga 4 iachwe kwa kazi nyingine. Jibu litatoka polepole, maneno machache kwa kila sekunde, na feni itapiga kelele. Mteja anaweza kungojea.

Kuiweka si kazi ya injinia. Kuna programu mbili ambazo watu wengi wanazitumia, LM Studio na Ollama, zote za bure. Asiyezoea kuandika amri aanze na LM Studio, kwa kuwa ina dirisha la kawaida la kuandikia. Unapakua programu, unapakua modeli, unazima wifi na data ya simu, unauliza swali. Ikijibu intaneti ikiwa imezimwa, basi kweli inafanya kazi ndani ya mashini. Jaribio hilo lifanyike mbele ya mteja yeyote anayetilia mashaka.

Kizuizi kikubwa ni kule kupakua. Giga 3 ao 4 ni mega nyingi kwa mtu wa Kyondo ao Oicha. Lakini faili hiyo inapakuliwa mara moja tu. Baada ya hapo inatembea kwa flashi, kama zilivyotembea nyimbo na filamu miaka yote hii, toka kibanda mpaka kibanda. Mmoja anayekwenda mahali penye wifi nzuri analeta kwa wote.

Wengine watasema: intaneti ipo, ya nini kujisumbua? Wanaosema hivyo wamesahau upesi. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Beni na Butembo, ambako kura yenyewe ilikuwa imesogezwa mpaka Machi 2019, walibaki bila kura na bila mtandao. Na antena ya simu vilevile haina adabu: vita ikisogea, inazimika.

Kuranti ni hesabu nyingine. Modeli ikifanya kazi, mashini inakula moto kuliko wakati wa kuandika barua tu, na batri ya ordinatere ya okazyo inaisha haraka. Kibanda chenye paneli ya jua kipange kazi hizo saa za mchana, jioni kibaki na fotokopi.

Sasa lugha, na hapa ndipo sifa zinapungua.

Modeli hizi ndogo zinajua Kifaransa vizuri. Kiswahili zinakijua kwa nusu, na hiyo nusu ni Kiswahili cha Dar es Salaam na Nairobi. Kuna jitihada: Jacaranda Health ya Kenya ilitoa mwaka 2023 modeli wazi iitwayo UlizaLlama, iliyosomeshwa Kiswahili kwa ajili ya maswali ya akina mama wajawazito, na Lelapa AI ya Afrika Kusini ikatoa InkubaLM mwaka 2024, ndogo kabisa, yenye Kiswahili pia. Lakini hakuna kati ya hizo iliyozaliwa huku. Ikitafsiri fishi ya kituo cha afya itaandika "muuguzi", na mzee wa Luofu atauliza huyo ni nani. Kwake anayechoma sindano ni munganga. Mtu wa Tanzania akisikia "mganga" anaweza kufikiria wa mizizi.

Hilo la munganga linachekesha. Lingine halichekeshi. Neno "muhami" modeli inaweza kulishika kama "mhamiaji", mtu aliyesafiri kutafuta maisha, ao ikaligeuza kuwa "mkimbizi", mtu aliyevuka mpaka wa nchi. Muhami wa Lubero si huyu wala si yule. Ni raia aliyehamishwa na vita ndani ya nchi yake, na kwenye orodha za misaada maneno hayo matatu yana milango mitatu tofauti. Barua ikisema kwamba mama ni mkimbizi, anaweza kutumwa kwenye ofisi isiyomhusu na kurudi mikono mitupu, bila kujua kwamba kosa ni neno moja la Kifaransa. Kwa hiyo kijana wa sekretaria asichapishe kamwe kabla ya kumsomea mama kwa Kiswahili cha hapa kile kilichoandikwa, mstari kwa mstari. Asiyeweza kusoma Kifaransa yeye mwenyewe asifanye kazi hiyo, hata akiwa na mashini nzuri namna gani.

Na Kinande? Hakuna. Meta ilitoa mwaka 2022 modeli wazi ya kutafsiri lugha 200, ndani yake kuna Lingala, Tshiluba, Kikongo, Kinyarwanda, Kirundi. Kinande hakimo, Kihunde hakimo, Mashi haimo. Bibi wa Lubero asiyezungumza Kiswahili bado anamhitaji mjukuu. Sababu iko wazi: modeli inasomeshwa kwa maandishi, na maandishi ya Kinande kwenye intaneti ni machache. Yapo kwenye makanisa, kwenye madaftari ya walimu, kwenye kanda za radio. Vyuo vikuu vya Butembo vina wanafunzi wa informatike wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho kila mwaka. Kukusanya maandishi hayo, kwa ruhusa ya wenyewe, kungekuwa mada yenye faida kuliko programu nyingine tena ya kusimamia stoki ya duka.

Kuna maswali ambayo mashini hii isiulizwe kabisa, na vibanda viandike hivyo ukutani. La kwanza ni njia. Modeli haina habari za leo. Masomo yake yaliisha siku ilipotengenezwa, na tangu hapo haijasikia chochote. Mtu akiiuliza kama barabara ya Kanyabayonga ni salama, ao kama wahami wa Kirumba wanaweza kurudi kulima, itajibu kwa sauti ya utulivu, na jibu litakuwa la kubuni. Familia inaweza kubeba mizigo kwa sababu ya jibu hilo. Mambo ya usalama yaulizwe kwa wanaotoka kule, kwa shirika la raia, kwa radio ya eneo. La pili ni dawa: kiasi cha sharubati ya mtoto wa kilo 9 hakikisiwi, na modeli inakisia. La tatu ni orodha ya misaada. Nani ameandikwa na nani hakuandikwa, mashini haijui.

Inachoweza ni kikubwa vya kutosha. Kueleza kwa maneno mepesi tangazo la Kifaransa. Kupanga barua ya malalamiko ambayo mkuu wa komine ataisoma mpaka mwisho. Kumsaidia mwalimu aliyepoteza vitabu vyote kutengeneza mazoezi ya hesabu na Kifaransa kwa watoto wa darasa la sita wanaongoja mtihani wa taifa, kwa sharti kwamba akague kila jibu, maana modeli ndogo inakosea hesabu bila haya. Radio za eneo nazo zina la kujaribu: Whisper, modeli wazi iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, inaandika maneno ya mtu anayezungumza, Kiswahili kikiwemo. Makosa ni mengi, lakini kusahihisha ni kwepesi kuliko kuandika kanda nzima kwa mkono.

Na siri? Kukaa ndani ya mashini kunafunga mlango mmoja tu. LM Studio inatunza mazungumzo kwenye diski. Mwizi akibeba ordinatere, ao mtu wa bariere akiamuru ifunguliwe, yote yanasomeka. Mwenye sekretaria afute mazungumzo ya mteja kabla mteja hajatoka mlangoni, aweke neno la siri, na majina ya mashahidi asiyaingize hata humo: aandike "A" na "B", kisha ajaze kwa kalamu kwenye karatasi iliyochapishwa. Kalamu haina historia.

Mashirika yanayoleta tableti na programu za simu kwa wahami yanapaswa kuulizwa mapema maneno ya wahami yanatunzwa wapi na nani anayasoma. Kwa gharama ya semina moja ya hotelini yangeweza kununua mashini za giga 16 kwa sekretaria kadhaa za Butembo, Beni na Lubero, na kuacha faili ndani. Kamati za wahami ziwe na haki ya kuchagua kibanda gani, kwa sababu wao ndio wanajua kijana gani anafunga mdomo na yupi anasimulia barua za watu sokoni.

Bei pia isemwe waziwazi. Barua iliyokuwa inachukua nusu saa sasa inachukua dakika tano, na kuranti haijapanda kwa kiasi hicho. Mama wa Kanyabayonga ana haki ya kuuliza kwa nini bado analipa franka zilezile kwa ukurasa.