Kabla ya kumtafsiri kiboko wa Garsen, tumpatie daktari

Leo tuziache seva na programu huria zipumzike kidogo, twende mtoni.

Mnamjua kapibara? Kama nyumbani kwako kuna kijana mwenye simu, basi unamjua. Ni yule mnyama wa jamii ya panya, mkubwa kuliko wenzake wote duniani, wa kule Amerika Kusini. Utamwona kwenye video amekaa majini, ndege wamemkalia mgongoni, ametulia kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Mtandao umempenda kupita kiasi. Wapo wanaouliza namna ya kumtibu akijeruhiwa, na wapo wanaouliza anasema nini anapopiga mluzi. Maswali mazuri hayo. Watafiti wamezipanga sauti zake: mluzi, kubweka anapoona hatari, vimlio vifupi kama mtu anayebofya kalamu, kugonganisha meno anapoudhika. Kwa mnyama anayesifiwa kwa ukimya, anaongea kweli kweli!

Kapibara hatunaye Kenya (ndugu zake wa mbali tunao: nungunungu na ndezi). Lakini yale maisha yake ya kushinda majini na kutoka kwenda kula nyasi jua likizama, hapa kwetu anayaishi jamaa mwingine mwenye uzito mara thelathini zaidi. Kiboko. Huyu hana video nyingi za kuchekesha. Ana waya shingoni, ana jeraha la mkuki ubavuni, na ana majirani ambao wana kila sababu ya kumchukia.

Kwa asiyepafahamu: Garsen ndipo barabara ya kutoka Malindi kwenda Lamu inapokutana na ile inayoteremka kutoka Garissa. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kama kilomita 1,000, unapita hapo kabla ya kutawanyika kwenye delta na kuingia baharini upande wa Kipini. Delta hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2012. Mpokomo analima mpunga, ndizi na maembe ukingoni. Muorma analeta ng'ombe wake kiangazi kikikaza. Kiboko naye analala majini mchana, na usiku anafuata njia zile zile alizofuata mama yake, hata kama siku hizi njia hiyo inapita katikati ya shamba la mtu. Mafuriko yakija, kama yale ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024, mto hautambui tena mpaka wake, na kiboko hautambui vilevile.

Sasa hapo mtu akirusha mkuki, mimi simwiti mhalifu haraka haraka. Kiboko anaweza kumaliza mpunga wa msimu kwa usiku mmoja. Anaua pia. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama wa porini na hadi milioni 3 kwa anayepata ulemavu wa kudumu. Kwenye karatasi inapendeza. Malalamiko ya fidia kuchelewa yamekuwa wimbo wa nchi nzima kwa miaka mingi. Nayasema haya mapema kwa sababu ukimjia mkulima wa Tana na habari za kumhurumia kiboko bila kuzungumzia mpunga wake, una haki ya kufukuzwa.

Haya, kiboko amejeruhiwa. Unafanya nini?

Wewe binafsi, hufanyi kitu. Unakaa mbali, unawazuia watoto wasiende kuchota maji upande huo, na unamtafuta askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Usimsogelee kwa ajili ya picha. Kiboko mwenye maumivu hukimbilia majini, na ukisimama kati yake na maji, umesimama mahali pabaya kuliko pote mtoni.

Hata daktari ana kazi ngumu. Kumlaza kiboko kwa dawa ya usingizi ni mtihani unaoogopwa na madaktari wa wanyama wengi. Ngozi ni nene, uzito unakisiwa kwa macho tu, na akishadungwa anakimbilia pale pale anapojiona salama, majini, dawa ikamkolea huko akazama. Ndiyo maana mara nyingi uamuzi wa busara ni kumwacha. Na hapa maumbile yamemsaidia. Lile jasho lake jekundu ambalo wazee walidhani ni damu lilichunguzwa na Wajapani, na mwaka 2004 wakaeleza kwamba lina rangi mbili, nyekundu na ya machungwa, zinazokinga ngozi dhidi ya jua, na ile nyekundu inazuia bakteria wasiongezeke. Mnyama anayeogelea kwenye kinyesi chake mwenyewe alihitaji dawa ya aina hiyo! Jeraha la kuumana na dume mwenzake mara nyingi linapona. Waya wa mtego hauponi. Unazidi kukata kadiri mnyama anavyonenepa. Huyo ndiye anayehitaji daktari, na anamhitaji wiki ya kwanza. Mwezi wa tatu ni kuchelewa.

Halafu kuna suala la mtoto. Wengi mnamkumbuka Owen. Mafuriko ya mto Sabaki yalisukuma viboko hadi baharini karibu na Malindi, tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ikamwacha ndama mmoja peke yake kwenye mwamba, na kesho yake wavuvi na wakazi wakamtoa kwa nyavu. Akapelekwa Haller Park, Mombasa, akamng'ang'ania kobe wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130. Dunia nzima ikalia machozi ya furaha. Lakini ni wangapi tuliuliza kwa nini hakurudishwa mtoni? Sababu iliyotolewa ni kwamba viboko wenye eneo lao wangemwona mvamizi na kumuua. Mwaka 2007 akaunganishwa na kiboko jike, Cleo, hapo hapo Haller Park. Alitibiwa, alipona, alipendwa, ila nyumbani hakurudi tena.

Hapo ndipo habari ya lugha inapoingia, na ndipo mimi kama mtu wa programu nilipoanza kuvutiwa. Wangemtambuaje kuwa ni mgeni?

Mwaka 2022 kundi la watafiti wakiwa na Mfaransa Nicolas Mathevon walichapisha kazi waliyoifanya katika hifadhi ya Maputo, Msumbiji. Walirekodi ule mlio mkubwa wa kiboko, ule unaoanza kama pumzi ya chura na kumalizika kwa mikoromo, unaosikika mbali usiku. Kisha wakavirudishia viboko sauti hizo kwa spika kutoka ukingoni: sauti za kundi lao, za kundi la jirani, na za kundi la mbali wasilolijua. Kwa mgeni walijibu kwa ukali zaidi, pamoja na kunyunyiza mavi kwa mkia, ambayo ndiyo alama yao ya "hapa ni kwetu". Kwa maneno mengine, kiboko anajua sauti ya mtani wake. Watafiti hao wakapendekeza jambo la maana sana: kabla ya kuwahamisha viboko kupelekwa sehemu mpya, wenyeji wasikilizishwe kwanza sauti za wageni, wazizoee.

Miaka kabla ya hapo, Mmarekani William Barklow alikuwa ameshaonyesha kwamba kiboko akiita huku pua ziko juu ya maji, sauti moja inakwenda njia mbili kwa pamoja, hewani na majini. Walio juu wanasikia na waliozama wanasikia. Sisi tunahangaika kutuma ujumbe mmoja kwenye mitandao miwili, kumbe yeye anatangaza kwenye chaneli mbili tangu zamani.

Sasa rudini Garsen. Tuseme ndama ameokolewa na mafuriko, akatibiwa, na anatakiwa kurudi. Arudi kundi gani? Kama tungekuwa na rekodi za makundi ya mtoni, bwawa kwa bwawa, tungeweza angalau kuwazoesha wenyeji sauti ya mgeni. Hakuna akili bandia ya kutisha inayohitajika hapo. Inahitajika kabati la faili lililopangwa vizuri, basi.

Na hapo ndipo nagombana na wenzangu wa fani. Kila mtu sasa anataka kutengeneza "mtafsiri wa wanyama". Unapakia sauti, kompyuta inakujibu: nina njaa, nakupenda, ondoka. Ni kamari nzuri ya kuombea fedha. Mwangalie ndovu wa Kenya. Mwaka 2024 ulitoka utafiti uliotumia miito 469 ya ndovu wa Amboseli na Samburu, na kompyuta iliweza kukisia mlengwa wa mwito, yaani nani anaitwa, kwa asilimia 27.5, kiwango kilicho juu sana kuliko kubahatisha. Watu wakashangilia kompyuta. Mimi nilishangazwa na kitu kingine: rekodi zile zilianza mwaka 1986. Kuna watu waliokaa kwenye vumbi miongo zaidi ya mitatu, wakamjua kila ndovu kwa masikio yake, wakaandika nani alimwita nani na kikatokea nini baadaye. Bila daftari hilo, kompyuta ingekuwa na kelele tu.

Daftari la Tana liko wapi? Liko vichwani mwa watu. Mvuvi wa mtumbwi hapo Garsen anajua mkoromo wa kuambia "nimekuona" na ule wa kuambia "sogea au nikupindue", kwa sababu asingejua asingekuwa hai. Wala si jambo geni kwamba elimu ya namna hii ni elimu halisi. Mwaka 1989 mwanasayansi Mkenya Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walithibitisha kwa vipimo yale Waborana waliyokuwa wakiyasema siku zote kuhusu ndege mlembe: anamwongoza mrina asali, na namna anavyoruka, anavyotua na anavyolia vinaeleza upande na umbali wa mzinga. Bila ndege, kupata mzinga kulichukua wastani wa karibu saa 9. Pamoja naye, saa 3 na kidogo. Waorma wa Tana wanaongea lugha iliyo ndugu na ya Waborana hao.

Kwa hiyo mvuvi huyo alipwe kwa maelezo yake, na jina lake liandikwe akitaka. Asichukuliwe sauti kisha aambiwe asante.

Neno moja la kiufundi kwa mnaotaka kuanza. Msirekodi kwa kupiga simu. Mfumo wa kawaida wa simu unapitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 tu, na kiboko ana mengi ya kusema chini ya hapo. Msihifadhi kwa MP3 pia: ule mfumo ulibuniwa kwa kufuata sikio la binadamu, unatupa kile ambacho wewe hutakisikia. Nani kakwambia kiboko hakisikii? Hifadhini kama WAV, hata likiwa faili kubwa. Andikeni tarehe, saa, jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, na kilichotokea dakika mbili baada ya mlio.

Na ile taarifa ya majeruhi? Nchi iliyoizaa Ushahidi mwezi Januari 2008, watu wakatuma ujumbe mfupi na matukio yakaonekana kwenye ramani, haiwezi kusema hili ni gumu. Ujumbe mfupi wa bure: mnyama gani, kijiji gani, anatembea au hatembei. Lakini kuna mambo matatu ambayo mbunifu akiyakosea, mradi umekufa. Kwanza, ramani isiwe wazi kwa kila mtu, maana kiboko aliyelemaa ni nyama na meno kwa mwindaji. Pili, usimuulize jina anayetoa taarifa. Huenda ndiye aliyerusha mkuki usiku ule akilinda mpunga, na asubuhi ameogopa kwamba mnyama mwenye jeraha yuko karibu na kisima cha watoto. Unataka taarifa yake au unataka kumfunga? Chagua. Tatu, ujumbe ule ule ukubali pia kuripoti shamba lililoliwa na mtu aliyeumizwa, wenye tarehe na namba ya kumbukumbu ambayo mkulima ataishika mkononi akienda kudai fidia yake.

Hilo la tatu najua watu wa wanyama hawatalipenda, watasema linachanganya mambo. Mtoni yamekwishachanganyika. Simu itakayombeba mkulima ndiyo itakayomwita daktari wa kiboko, kwa sababu ni mtu yule yule mwenye simu.

Sehemu ya kupokea ujumbe na kuupanga inaweza kuandikwa na vijana wawili wakiwa na muda. Iliyobaki ni ya kujadiliana na KWS na kaunti: nani atazipokea taarifa saa nane za usiku, na gari la daktari litatokea wapi. Wasomaji mlioko Garsen, Hola na Kipini, nyinyi mnalijua hili kuliko mimi. Viboko wa upande wenu mnawaitaje kwa makundi, na ni bwawa gani lenye makelele zaidi?