Sikio la Mwenda kwa Miguu

Yamezuka katika miaka hii maneno ambayo hayana budi kujibiwa. Wauzaji wa visikizio, na wanunuzi waliokwisha kutoa fedha zao, hutwambia kwamba kisikizio bora kwa mtu aendaye matembezi ya mazoezi ni kile kizibacho sikio kabisa, kikamtenga mvaaji na ulimwengu, asisikie ila alichokichagua mwenyewe. Hali hiyo huitwa raha. Nathubutu kusema kwamba kwa mtu atembeaye katika barabara za Pemba hiyo si raha; ni adha iliyotiwa katika kisanduku kizuri, na pengine ni hatari.

Kwanza jina. Mitaani watu husema hedifoni, na vijana husema iyafoni. Mimi nasema visikizio, kwa kuwa kitenzi kilichozaa neno hilo ni kipana kuliko tunavyodhani. Kwa lugha yetu twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi na njaa. Na mtoto mkaidi husemwa kwamba hasikii. Ninaobishana nao hulichukua sikio kuwa tundu la kutilia muziki, basi.

Chombo chenyewe hakikuzaliwa kwa ajili ya matembezi. Nathaniel Baldwin, mtu wa Utah katika Marekani, aliliuzia jeshi la majini la nchi yake visikizio mwaka 1910, na kazi yake ilikuwa ya mtu aliyekaa kitini akisikiliza ishara za redio. Aliyekaa kitini hapitiwi na gari. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman, muziki ulishuka njiani pamoja na mwenye miguu. Walakini waliotengeneza chombo hicho walikitia kifungo maalumu: ukikibonyeza, muziki hushuka ukamsikia mwenzio anenaye nawe. Walifahamu kwamba mtembezi hayuko peke yake. Ni ajabu kuona wajuzi wa leo wamelisahau jambo lililokumbukwa na watu wa mwaka 1979.

Sasa na tutazame mahali penyewe. Pemba si nchi tambarare. Ni kisiwa cha vilima na mabonde, na barabara zake hupanda, hushuka na kujikunja. Mara nyingi gari huonekana likiwa limekwisha kufika. Katika njia kama hiyo sikio huona kabla ya jicho. Sehemu nyingi hazina njia ya waendao kwa miguu, na msimu wa karafuu ukifika, majamvi hutandikwa kandokando ili karafuu zianikwe, naye mtembezi husukumwa juu ya lami. Huko juu ya lami kuna daladala, kuna pikipiki, kuna gari la ng'ombe, na kuna baiskeli iteremkayo kilima bila kishindo chochote, ambayo onyo lake ni kengele tu. Mtu aliyeziba masikio haisikii kengele. Mwenye baiskeli hujua hilo baada ya kupiga mara tatu, na hapo breki zake zimekwisha kuchelewa.

Wataniambia kwamba visikizio vipya vina hila: vipaza sauti vidogo huidaka sauti ya nje na kuiingiza ndani mvaaji akitaka. Ni kweli, na hila hiyo inavutia. Lakini upepo wa bahari ukivipiga vipaza sauti hivyo huleta mvumo, betri ikiisha kinachobaki ni kizibo kitupu, na hata ikiwa nzima, kizibo kingali sikioni. Nani hununua mlango mzito ili apate kuuacha wazi?

Haya, tuseme barabara ni tupu, nasi tuzungumze juu ya mwili tu, kwa kuwa raha ndiyo waliyotuahidi. Yeyote aliyetembea kwa kasi na vizibo masikioni ameusikia ule mdundo, du, du, du, kama mtu atwangaye ndani ya fuvu. Hizo ni hatua zake mwenyewe. Mtikisiko wa kisigino hupanda kwa mifupa hadi tundu la sikio. Tundu likiwa wazi hutoka, likizibwa hubaki humo ukavuma. Mtembezi huongeza sauti ya muziki ili aufunike mdundo aliojiletea. Kisha jasho. Hewa yetu ina unyevu, na tundu lililozibwa kwa jasho ni makao mema ya ukungu. Nayo nta ya sikio, ambayo kwa desturi hutoka yenyewe, husukumwa ndani. Wanawake wavaao mtandio, ambao ni wengi katika watembeao alfajiri, hupata taabu zaidi: kitambaa hukandamiza kizibo mpaka sikio likauma, na yale makombe makubwa yapitishwayo utosini huteleza juu ya nguo. Sijaona tangazo hata moja lililomfikiria mwanamke huyu.

Kipo kisikizio kimfaacho. Ni kile kikaacho mbele ya sikio juu ya mfupa wa shavu, kikapeleka mtikisiko kwa mfupa, au kile kining'iniacho kwenye ndewe bila kuingia tunduni. Hukaa vyema chini ya mtandio na chini ya kofia, na tundu hubaki wazi. Sitakisifu kuliko haki yake. Sauti zake nene ni dhaifu; mpenda ngoma na besi atanung'unika. Wala si kinga ya uziwi, kwa kuwa sauti ikipita kiasi hudhuru sikio la ndani kwa njia yoyote iliyopitia. Shirika la Afya Duniani limetaja kipimo: desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na kwa desibeli 90 saa 4 tu. Tazama jinsi muda unavyokatika! Chembe za kusikia zikifa hazioti tena, na hapo ndipo sikio la kufa lisiposikia dawa kwa maana ya wazi kabisa.

Upande wa pili wamesimama wazee wetu wanaotaka visikizio vyote vitupwe, wakisema kijana aliyevivaa haitiki salamu. Malalamiko yao ni ya haki, hukumu yao siyo. Anayepitwa na «Assalamu alaykum» ya mzee bila kujibu ametenda kosa hata kama hakukusudia. Lakini kosa limo katika kizibo, halimo katika kusikiliza. Mashairi ya Kamange na Sarahani, washairi wa kisiwa hiki hiki, yaliishi katika vifua na karatasi za watu kabla ya kukusanywa katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba mwaka 2011. Mwanafunzi akitembea asubuhi huku akisikiliza shairi likighaniwa, analirudisha shairi sikioni, mahali lilipozoea kukaa. Namtakia hayo. Namtakia pia amsikie ninga wa Pemba, ndege asiyepatikana nchi nyingine, akilia juu ya mti bila kulipiwa.

Basi aendaye dukani asiulize kwanza bei wala besi. Aulize kama kinastahimili jasho, akivae pamoja na mtandio au kofia yake ya kila siku, atikise kichwa, apige hatua za haraka mara kadhaa mlangoni. Kisha atoke barazani, aiweke sauti kama atakavyoiweka njiani, ageuze uso, na rafiki yake aliyesimama hatua kumi nyuma amtolee salamu kwa sauti ya kawaida. Asipoitika, akirudishe kisikizio hicho kwa muuzaji.